Ng'ombe wa Watu Saba

Nyinyi mliokuwa mkinisimamisha pale sokoni Ngamiani kuniuliza kama Idarusi alipona lile teke la punda, alipona. Ubavu uliunga, kazi haikumtoka, na ile posa aliyopeleka kwa Mwinyijuma, mchuuzi wa ng'ombe, ya kumtaka binti yake Sabiha, haikurudishwa. Haikukubaliwa pia. Ilikaa tu, na watu wakawa wanaulizana.

Kwa aliyechelewa kuingia: Idarusi ni msaidizi wa daktari wa wanyama kule Raskazone, yule Mzungu ambaye mji ulimbandika jina la Bwana Sindano. Kazi yake ni kushika punda wasipige teke, na mmeona alivyoiweza. Kazi yake nyingine ni kuosha vidonda vya mbwa wa Wazungu. Kwa ajili ya mbwa hao mamake, Bi Mwanamkasi, alimwekea pipa la maji na kikapu cha mchanga nje ya mlango wa uani. Haingii mtu ndani mpaka ajitwahirishe mara saba, moja kwa mchanga. Najisi ni najisi hata ikija na mshahara.

Na majirani, Mungu awasamehe maana mimi siwasamehe, wakampa mama wa watu jina: Mama Mwosha-Mbwa.

Basi mwaka ule bei ya mkonge ilipoanguka, mabwana wa mashamba waliacha kuleta mbwa kwa daktari. Mbwa wakawa wanaugua na kupona wenyewe, kumbe walikuwa wakiweza siku zote. Raskazone pakapoa. Aliyebaki kuitia uhai ile nyumba ya dawa ni Mwinyijuma peke yake, aliyekuwa akishusha ng'ombe kutoka bara na kuwachoma sindano kwa Bwana Sindano kabla hajawauza. Mwinyijuma akipiga chafya, Raskazone wote wanamwombea rehema.

Ndiye aliyefika Alhamisi ile asubuhi, Idd ya kuchinja imekaribia, anakokota fahali mweupe mwenye nundu ya kutamanisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yupo?"

"Kaenda Muheza, kuna ng'ombe wa shamba wanaharisha. Atarudi alasiri."

"Sina haja naye. Haja yangu wewe."

Mtu aliyepeleka posa akiambiwa hivyo na baba wa mchumba, lazima ajipanguse mikono. Idarusi alijipangusa, mara mbili.

"Jicho la kulia linatoa machozi," akasema Mwinyijuma. "Likaushe machozi. Basi."

Idarusi akaliinamia. Jicho lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa. Akapitisha kiganja upande wa kushoto, fahali akapepesa. Akapitisha upande wa kulia, fahali anacheua tu. Akarudia kwa kitambaa. Akaleta kijiti mpaka karibu na kope. Fahali hana habari.

"Mzee, huyu jicho hili haoni."

"Polepole, mwanangu."

"Haoni kabisa! Hili si la dawa, limekufa zamani. Nadhani alipigwa pembe angali ndama."

"Nimekuomba dawa ya machozi. Sikukuuliza anaona nini."

Idarusi akauliza swali ambalo lau asingeliuliza angelala usingizi wake vizuri. "Anakwenda wapi huyu?"

"Udhia. Watu saba wa Ngamiani wamechangiana wamchinje siku ya Idd."

"Ng'ombe chongo, mzee? Achinjwe udhia? Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba haisihi!"

Mwinyijuma hakukasirika. Alivuta kasha la dawa akalikalia, akajipangusa jasho, akawa kama mtu aliyeingia darasani.

"Wewe umesoma, lakini umesomea sindano. Ngoja nikusomeshe. Kinachoharibu udhia ni kasoro iliyo dhahiri. Dhahiri! Sasa tazama. Jicho lipo?"

"Lipo."

"Linang'aa?"

"Linang'aa, lakini..."

"Nani anajua kwamba halioni? Mimi, wewe, na Mwenyezi Mungu. Mungu ni msitiri wa aibu. Mimi sisemi. Basi upofu wa ng'ombe huyu, mwanangu, uko kinywani mwako. Ukinyamaza, ng'ombe mzima, watu saba wanapata thawabu zao. Ukisema, wewe ndiye uliyemtoboa jicho."

Idarusi akalitazama tena lile jicho. Alijua kabisa kwamba maneno yale yana tundu mahali, ila kila akilitafuta halioni. Ukipita nchi ya chongo, walisema wazee, fumba lako jicho; lakini hawakusema ufanye nini ukiwa wewe ndiye unayelipwa kutazama.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa wanakuja kumtazama," akaendelea Mwinyijuma. "Wamesema hawamchukui mpaka mkaguzi wao aseme mzima."

"Nani mkaguzi wao?"

"Ebo! Huna habari? Wewe!"

Na kweli ni yeye. Shekhe Miraji, mwalimu wa chuo pale Ngamiani na mmoja wa wale saba, alikuwa amemwomba siku zilizopita awasaidie kumtazama mnyama wao, na Idarusi kwa furaha ya kuombwa jambo lisilo la mbwa akaitikia, bila kuuliza mnyama atatoka zizi gani. Sasa akajikuta ni tabibu wa mwuzaji na ni mkaguzi wa mnunuzi, ng'ombe mmoja, jicho moja. Ni ujinga ambao msomaji wangu hawezi kuufanya, ninajua.

Mwinyijuma akafungua kamba aende. "Asubuhi nitamrudisha umtie hiyo dawa. Na jibu la Sabiha nimeona nilitoe palepale kesho, watu wakiwepo. Mamako atafurahi."

"Mama atakuwepo?"

"Asiwepoje? Yeye ndiye mtu wa saba."

Hapo Idarusi ndipo alipolikalia lile kasha la dawa, maana Mwinyijuma alikwisha liacha.

Bwana Sindano aliporudi alasiri, mavumbi mpaka kwenye nyusi, Idarusi alimfuata akinawa mikono. Hakumtaja ng'ombe wala mwenyewe. Aliuliza kwa mbali, kama mtu anayemuulizia rafiki yake dawa ya ugonjwa wa aibu.

"Bwana, kama mtu ameleta mnyama kwetu, na mtu mwingine anataka kumnunua, akaja akaniuliza mimi, nimjibu nini?"

"Wewe hapana sema ugonjwa ya mnyama ya mtu," akajibu Bwana Sindano kwa kile Kiswahili chake cha mashambani. "Siri yake nalala hapa. Kama natembea nje, kesho nani naleta ng'ombe?"

"Nimwambie mzima, basi?"

"Hapana! Uwongo hapana! Wewe nasema: mimi mtu ya huyu, tafuta mtu ingine. Kwisha."

Kwisha! Idarusi alihisi mzigo umemtoka kichwani. Hatasema uongo, hatatoa siri. Atajitoa katikati, kwa adabu, na wale saba watatafuta mkaguzi mwingine mwenye macho yake. Dawa nzuri kabisa. Kosa lake moja tu: ilitengenezwa ng'ambo, na haikuwahi kujaribiwa Ngamiani.

Alipofika nyumbani jua halijazama, akajimwagia maji na mchanga, akamkuta mamake uani amezungukwa na ukili, anasuka mkeka na kuimba. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kuimba.

"Mwaka huu na mimi nachinja," akasema bila kuulizwa. "Mikeka yangu imenichinjia."

"Mama, nilikuwa nawaza. Kwa nini usichukue mbuzi?"

Ukili ukasimama. "Mbuzi?"

"Mbuzi wa peke yako. Nasikia mbuzi mzima wa mtu mmoja ana thawabu kuliko fungu moja la ng'ombe."

"Umesikia kwa nani? Kwa mbwa?"

"Mama!"

"Mbuzi nitamchinjia hapa uani, nani atamwona? Ng'ombe wa watu saba anapitishwa mtaa mzima, watoto nyuma. Na wewe, mwanangu, badala ya kunifurahia wanipeleka kwenye mbuzi! Au unaitaka hela yangu uongezee mahari?"

"Wallahi sitaki hela yako."

"Basi sikiliza." Akaweka ukili chini, na sauti yake ikashuka. "Tangu uanze kazi ile naitwa Mama Mwosha-Mbwa. Kisimani. Msibani. Hata kwenye harusi ya mpwa wangu, mtu kaniita hivyo nikiwa na sinia la pilau mkononi. Nimenyamaza kwa sababu kazi yako ndiyo iliyotuvisha. Lakini kesho, Idarusi, watu wazima wenye vilemba vyao watakuzunguka wewe, wakungoje wewe useme neno. Nataka niwe pale nilisikie kwa masikio yangu."

Idarusi alitaka kumwambia. Haki ya Mungu alitaka. Lakini kumwambia Bi Mwanamkasi jambo ni kuupa mji mzima, na mji ukijua, Mwinyijuma atajua, na Sabiha ndiyo basi, na Raskazone panafungwa. Akajichukia pale pale alipokaa.

"Ama kuna neno juu ya yule ng'ombe?" mamake akauliza, akimkazia macho.

Idarusi akasimama, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Swali likabaki uani na mkeka.

Asubuhi ya Ijumaa fahali akaletwa Raskazone, Idarusi akamtia dawa ya machozi. Machozi ni machozi, alijiambia, mteja kaleta machozi, tumetibu machozi. Jicho likakauka likapendeza kuliko lile linaloona.

Baada ya swala watu wakakusanyika kwenye kiwanja mbele ya nyumba ya Shekhe Miraji. Fahali kafungwa kwenye mnazi, kaoshwa, anang'ara. Wanunuzi sita wanaume wamekaa mkekani. Wa saba, Bi Mwanamkasi, yupo mlangoni na wanawake wenzake, buibui jipya, na safari hii wamempisha akae mbele. Watazamaji hawahesabiki. Ngamiani mtu hukosa chakula, hakosi tamasha.

"Bismillahi," akasema Shekhe Miraji. "Mwanetu Idarusi, sisi hatuna ujuzi. Wewe ndiye jicho letu. Mtazame, utuambie."

Idarusi akasimama. Akakohoa. Akayatoa maneno yale aliyokuwa akiyakariri njia nzima kutoka Raskazone.

"Shekhe, na wazee wangu, naomba mniwie radhi. Mimi sifai kumkagua ng'ombe huyu. Mimi ni mtu wa upande wa Bwana Mwinyijuma. Tafadhali tafuteni mtu mwingine."

Akatokea mzee Haji, muuza tumbaku, mmoja wa wale saba, akapiga goti lake kofi. "Mashaallah! Mmesikia? Anaona haya kumkagua ng'ombe wa mkwewe!"

"La, mzee, sikusema..."

"Adabu hiyo! Vijana wa siku hizi mkwe akimpa mchuzi anauliza nyama iko wapi. Huyu hata mnyama wa mkwewe hathubutu kumkodolea macho!"

"Mzee Haji, nisikilize, mimi nilichosema ni..."

"Usiseme zaidi, mwanangu," akakatiza Shekhe Miraji huku amejaa tabasamu. "Tumekuelewa. Ng'ombe angekuwa na ila, wewe ungetuambia. Na mtu anayemstahi mkwe wake namna hii, mkwe huyo hawezi kutuuzia kibovu. Jamani, mwaonaje?"

"Twamchukua!" wakaitika mkekani.

Mwinyijuma, ambaye kwa kitambo kidogo uso ulikuwa umemsawijika, akaona mlango umefunguliwa na watu wengine. Akaingia nao. Alisimama, akamshika Idarusi bega.

"Enyi Waislamu, mmeyasema nyinyi, na mimi siwapingi. Ni mkwe wangu. Posa yake nimeikubali mbele yenu. Sabiha ni wake."

Vigelegele! Aliyeanza ni Bi Mwanamkasi mwenyewe, na wa kwanza kumwitikia ni jirani yule yule aliyekuwa akimwita Mama Mwosha-Mbwa kisimani. Mtu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Hongera, Mama Idarusi." Mama Idarusi! Bi Mwanamkasi akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

Basi angalieni maajabu ya dunia. Idarusi hakusema uongo hata neno moja. Siri ya mteja hakuitoa. Amri ya tajiri wake, Bwana Sindano, kaitimiza. Mke amepata, kazi imebaki, mamake amepewa jina lake. Mtu mwenye akili angeinama akabusu mikono ya wazee, akaenda zake kula.

Lakini mzee Haji alikuwa ameshafungua kamba, na fahali katika kugeuka akaupiga mnazi kwa shavu la kulia, pu, kwa sababu hakuuona. Watu wakacheka, wakasema ana furaha. Idarusi alimtazama mamake mlangoni, anavyolia kwa raha juu ya kitu ambacho hakipo, na moyo ukamkataa.

"Haoni," akasema.

"Nani haoni?"

"Fahali. Jicho la kulia halioni. Ni chongo. Udhia wenu hausihi."

Shekhe Miraji akainuka mwenyewe. Akapunga bakora kushoto, fahali akarusha kichwa. Akapunga kulia, karibu sana. Fahali akabaki anacheua. Kiwanja kizima kikasema "Lo!" kwa pumzi moja.

"Mwinyijuma," akaita Shekhe, na tabasamu lilikwisha kabisa. "Nini hii?"

Nilitazamia Mwinyijuma atapiga magoti. Wewe pia. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe maisha yake yote hapigi magoti akiwa bado ana ulimi. Alimtazama fahali kwa mshangao mkubwa, kisha akageuka polepole.

"Mkwe wangu," akasema, kwa huzuni, "leo asubuhi ulimtia nini ng'ombe wangu machoni?"

Idarusi akageuka kumtazama fahali.

"Ulimtia dawa, hukumtia?"

"Nilimtia. Dawa ya machozi."

"Mmesikia, jamani, sikusema mimi. Ng'ombe wangu kalala mzima. Asubuhi kijana kamtia dawa, mchana ng'ombe kipofu. Ndiyo maana aliona haya kumkagua! Tukadhani ni adabu!"

Minong'ono ikapanda. Vile vilemba vilivyokuwa vikimsifu vikaanza kutikisika kwa namna nyingine. Mzee Haji akasogea mbali naye kidogo.

"Mwongo!" Idarusi akapiga kelele. "Jana alikuwa haoni! Nilimpima, nikamwambia mwenyewe, akaniambia ninyamaze!"

"Nani alikuwepo?" akauliza Shekhe Miraji.

"Mimi na yeye."

"Kuna mtu mwingine uliyemwambia jana? Kabla ya dawa? Yeyote?"

Idarusi akafikiri. Kwa Bwana Sindano hakumtaja ng'ombe wala mwenyewe. Amebaki mtu mmoja tu duniani aliyeona jana uso wake, aliyesikia habari ya mbuzi, aliyemuuliza akakimbilia ndoo. Akageuza macho mlangoni.

Shekhe naye akageuza macho mlangoni, ila kwa sababu yake.

"Bi Mwanamkasi," akasema kwa upole. "Leo alfajiri tulikuwa tunasita juu ya ng'ombe huyu, ukaja ukatuambia tusiwe na shaka. Ulisema mwanao alikwisha mwona jana, akakuambia kwa kinywa chake kwamba ni mzima, macho yote mawili. Kwa maneno yako ndipo tukaja."

Idarusi akapiga hatua kuelekea mlangoni. "Mama? Mimi nilikuambia hivyo?"

Wanawake walimwangalia Bi Mwanamkasi. Jirani wa kisimani alikuwa bado amemshika mkono.

"Ni neno moja tu, mama," Shekhe akaendelea. "Kama jana alikuambia ni mzima, basi ng'ombe alikuwa mzima, na kilichompofua ni dawa. Kama hakukuambia, basi wewe ndiye uliyetudanganya, na kijana hana kosa. Alisema, hakusema?"

Bi Mwanamkasi alimtazama mwanawe. Alitazama vilemba. Alitazama ule mkono wa jirani juu ya mkono wake, uliokuwa umeanza kulegea. Akauteremsha ukaya wa buibui mpaka chini ya macho.

"Alisema," akajibu.